Ncha Mbili za Uzi wa Katani

Mwezi Machi mwaka 1986 nilipandishwa ngazi nikashikishwa ncha ya uzi. Nilikuwa na miaka 11. Nyumba ilikuwa ya shangazi yangu, mtaa wa Sofia mjini Voi. Kuta zilikuwa zimekwisha kusimama, paa bado, na kila aliyekuwa akijenga mjini siku zile alikuwa mbioni kuwahi masika. Katikati ya chumba ulisimamishwa mlingoti, mti mnyofu wa kuonyesha mahali ambapo mgongo wa paa ungekaa. Kazi yangu ilikuwa kuukaza uzi kwenye ule mlingoti, niupandishe au niushushe kama nitakavyoamriwa. Kutoka mkononi mwangu uzi ulipita juu ya msumari uliopigwa kwenye ubao unaolala juu ya ukuta, ukatokeza nje, na huko nje alikuwako mjomba.

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa fundi wa mapaa. Alizaliwa Mgange, juu milimani, na ujana wake aliumaliza akiezeka nyumba za Wundanyi na Werugha kabla ya kuteremka Voi kufuata kazi. Uzi wake ulikuwa wa katani ya Mwatate, ameupaka nta mpaka umekuwa mweusi. Kwenye ncha ya nje alifunga kipande cha bati, upana wa kiganja, nacho ndicho alichokishika siku ile akawa anatembea nacho: hatua nyuma, nusu hatua mbele, mkono juu, mkono chini. Shangazi alikuwa ameketi kwenye kigoda ndani, karibu na dirisha la magharibi, mahali ambapo alitaka kitanda chake kikae. Kivuli cha kile kibati kilipita dirishani kikamwangukia.

"Shemeji, kivuli kimekufikia wapi?"

"Kidevuni."

Akarudi nyuma kidogo, akashusha mkono.

"Sasa?"

"Kifuani. Bado kidogo."

Kila aliposhusha mkono wake ilinibidi nipandishe wangu, maana vinginevyo uzi ungepinda pale msumarini. Ukipinda alijua hata bila kutazama. "Nyosha, mjomba!" aliniambia, naye aliniita mjomba kama nilivyomwita, ndiyo desturi. Nilikuwa nikiusikia mkono wake kwa ndani ya uzi. Kabla hajasema neno nilijua anakwenda nje, au anashuka, au anafanya yote mawili kwa pamoja kwa kuteremka mshazari, na mara nyingi alikuwa akifanya hilo la mwisho. Kivuli kilipotoka mwilini mwa shangazi kikalala juu ya kizingiti cha dirisha, mjomba alisimama. Mkono wake ulikuwa juu kidogo ya kofia yake. Aliutazama umbali kati yake na ukuta, akatazama upande ambako upepo wa nyika hutokea, akarudi mbele upana wa vidole vichache. Kisha akaniambia nichore alama ya mkaa mlingotini, pale pale ulipo uzi. Paa lilikuwa limekwisha kupatikana. Yaliyobaki yalikuwa mbao na misumari.

Alikuwa na sheria moja, kwamba paa halipimwi asubuhi. Nyumba zote za Voi alizipima alasiri, saa tisa na kitu. Kule milimani hakungoja jua. Huko aliuvuta uzi chini zaidi, paa lisimame mwinuko, kwa sababu chini ya Vuria, mlima unaopita mita 2,200, adui ni mvua na ukungu. Mji wa Voi, ulio karibu mita 600 tu kutoka usawa wa bahari, adui wake ni jua. Uzi ulikuwa ule ule na mkono ule ule. Mahali pa kusimamisha mkono ndipo palipobadilika.

Mimi nilikuja kuwa mchoraji ramani. Nilijifunza chuoni Mombasa katikati ya miaka ya 1990, kwenye bodi ya mbao yenye rula ya T, kalamu za wino na wembe wa kukwangulia makosa. Halafu zikaja kompyuta, nikajifunza upya. Hayo ni mapito ya kila mtu wa rika langu katika kazi hii, sina haja ya kuyarefusha. Lililonibadilisha kweli lilinikuta Nairobi mwaka 2011, kijana mmoja ofisini aliponionyesha Grasshopper.

Programu hiyo inafanya kazi ndani ya nyingine iitwayo Rhino, zote za kampuni ya Robert McNeel & Associates ya Seattle, Marekani. Aliyeiandika Grasshopper ni David Rutten, na ilipotoka mara ya kwanza mwaka 2007 iliitwa Explicit History. Mimi nilifurahia majina haya mapya kabla hata sijajua kuitumia: kifaru na panzi. Kwetu Tsavo vifaru weusi walikuwa wamebaki wachache kiasi kwamba walizungushiwa uzio kule Ngulia wasimalizwe na majangili, na panzi tuliwakimbiza kila baada ya mvua. Nilijiona kama nimekaribishwa nyumbani.

Uchoraji wake hauanzi kwa mstari. Unaweka visanduku vidogo kwenye skrini, unaviunganisha kwa nyaya, na kila kisanduku kinafanya jambo moja: hiki kinazaa nukta, hiki kinavuta mstari, hiki kinainua ukuta. Nambari zinazoongoza mambo yote hayo, yaani vigezo, unaziingiza kwa vitelezi. Kitelezi ni kijistari chenye kifundo. Ukikisogeza kulia nambari inapanda, ukikirudisha inashuka, na jengo zima linajichora upya mbele ya macho yako. Mtu aliyekwangua wino kwa wembe usiku kucha kwa sababu mteja ameongeza dirisha moja, akiliona hilo kwa mara ya kwanza, huwa hasemi kitu. Mimi niliketi pale mpaka taa za ofisi zikazimwa.

Basi nikawa mtu wa vitelezi. Nilikuwa na kimoja cha urefu wa ukuta, kimoja cha upana wa dirisha, kimoja cha mteremko wa paa, kimoja cha kiasi ambacho paa linatokeza nje ya ukuta. Nilivipanga upande wa kushoto wa skrini vizuri, kimoja chini ya kingine, kila kimoja na jina lake. Nambari moja, kitelezi kimoja. Niliona huo ndio usafi wa kazi.

Mwaka 2014 dada yangu mkubwa alipata kiwanja Voi, upande wa Kaloleni, akaniomba nimchoree nyumba. Chumba chake cha kulala kilitazama magharibi, barabarani, kama kile cha shangazi. Nilianza na mteremko wa digrii 12 na paa lililotokeza sentimita 60, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyozoea kuanza. Nakumbuka vizuri nilivyojaribu. Niliinua mteremko hadi digrii 24. Kivuli ukutani kiliongezeka kwa kiasi ambacho hakikustahili gharama ya mbao, nikaurudisha. Nikatoa paa nje hadi sentimita 105. Kivuli kiliongezeka, lakini jua bado liliingia, na paa refu lililolala namna ile Voi ni mwaliko kwa upepo, nikalirudisha nalo. Nimejaribu vyote viwili, nilijiambia, havisaidii. Tukajenga kwa digrii 12 na sentimita 60.

Kabla ya kujenga, mjomba alikuja kutazama. Alikuwa mzee tayari, macho yamefifia, anatembelea mkongojo. Niliiweka kompyuta mezani kwa dada, nikamzungushia nyumba kila upande, nikamwonyesha madirisha yakifunguka. Alitazama kwa heshima. Kisha akanyoosha kidole, akakibandika kwenye ukingo wa paa pale kwenye skrini, akavuta.

"Si hapo, mjomba," nilimwambia. "Nambari ziko huku pembeni."

Nikamshika mkono nikamwekea kipanya. Alisogeza kitelezi cha mteremko, akaona paa linainuka. Akasogeza cha pili, akaona linatoka nje. Akarudi cha kwanza. Akaenda tena cha pili. Alikuwa na subira kubwa, aliyafanya hayo mara nyingi kuliko nilivyotarajia. Mwisho akakiacha kipanya.

"Huyu anakwenda juu," alisema, "na yule anakwenda nje. Mimi nataka pale." Na kidole chake kikachora mshazari hewani, kutoka ukutani kushuka kuelekea dirishani kwa dada.

Nilimweleza kwamba ni kitu kile kile, kwamba juu ukijumlisha na nje unafika popote. Nilimweleza kwa upole, lakini nilimweleza kama mtu anayejua anavyomweleza asiyejua. Aliitikia, akanishukuru, akaomba chai. Alama ya kidole chake ilibaki kwenye skrini, nami niliifuta kwa kitambaa jioni ile ile.

Mjomba alifariki mwaka 2018.

Mwaka uliofuata nilikuwa nikitafuta kitu kingine kabisa katika orodha ya visanduku vya Grasshopper, safu ile ile ya vitelezi niliyoifungua kila siku ya kazi kwa miaka minane, nikakiona kisanduku ambacho sikuwahi kukigusa. Ni kitelezi cha pande zaidi ya moja. Chenyewe ni mraba, na ndani ya mraba kuna nukta. Unaikamata nukta unaiburuta utakako: kulia, juu, chini, mshazari, mzunguko ukitaka. Ikienda kulia nambari ya kwanza inaongezeka, ikipanda inaongezeka ya pili, na ikienda mshazari zote mbili zinakwenda pamoja. Mipaka ya kila upande unaiweka wewe. Nambari hazitoki mbalimbali. Zinatoka kwa waya mmoja, zimefungwa pamoja kama nukta ya ramani, ya tatu ikiwa sifuri, na ni juu yako kuzifungua kwa kisanduku kingine kabla ya kuzitumia. Watu hulalamikia hatua hiyo ya kuzifungua. Mimi naipenda. Inakukumbusha kwamba zilikuja zikiwa kitu kimoja.

Niliburuta ile nukta mara moja, kuelekea chini kulia, na mkono wangu wa kushoto ukajikaza wenyewe kana kwamba umeshika uzi.

Nikalifungua faili la nyumba ya dada. Nikaondoa vitelezi viwili, cha mteremko na cha kutokeza, nikaweka mraba mmoja mahali pake. Halafu nikafanya ambalo nilipaswa kulifanya mwaka 2014, nikaliuliza jua. Voi iko digrii tatu na kitu kusini mwa ikweta. Katikati ya Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri linapita utosini, kisha linateremka moja kwa moja magharibi, na kwenye saa tisa na nusu alasiri ya Machi limefika nusu ya njia, digrii 45 juu ya upeo. Saa hiyo hesabu ni nyepesi hata bila kompyuta: kila sentimita ambayo paa limetokeza inatoa sentimita moja ya kivuli ukutani, na juu yake unajumlisha kiasi ambacho ukingo wa paa umeshuka kwa sababu ya mteremko. Kumbe nambari zile mbili zinazidishana. Paa linaloteremka kwa kasi lakini halitokezi halijashuka popote, na paa linalotokeza likiwa limelala halishuki.

Ubao wa juu ya ukuta kwa dada uko sentimita 250 kutoka sakafuni, na kizingiti cha dirisha sentimita 100, kwa hiyo kivuli kinatakiwa kishuke sentimita 150. Digrii 12 na sentimita 60, tulizojenga, zinatoa 73. Kuinua mteremko peke yake hadi 24 kunatoa 87. Kutokeza peke yake hadi 105 kunatoa 127. Ndivyo nilivyoona siku zile, nikakata tamaa mara mbili. Digrii 24 na sentimita 105 kwa pamoja zinatoa 152, na jua linabaki nje. Mlango ulikuwa kwenye kona, nami nilikuwa nikitembea kando ya kuta.

Nikaendelea. Nilipaka rangi mraba wote kila mahali ambapo jua lingeingia. Nikapaka tena kila mahali ambapo ukingo wa paa ungeshuka chini ya mita mbili, umgonge mtu kichwani. Nikaweka na kikomo cha kutokeza, sentimita 110, hatua moja ndefu ya mtu mzima, kwa ajili ya upepo. Baada ya rangi tatu kilichobaki kwenye mraba ni pembetatu ndogo nyembamba, kutoka digrii 20 hivi hadi 27, kati ya sentimita 100 na 110. Nje ya pale, ama dada anaungua, ama mgeni anagonga kichwa, ama bati linaruka.

Machi 2022 nilikwenda Sofia kwa shangazi na futi na kifaa cha kupimia pembe. Nyumba inasimama vilevile, mabati yamebadilishwa mara moja, makombamoyo ni yale yale. Urefu wa ukuta na wa kizingiti ulikuwa ule ule niliouweka kwa dada, kwa kuwa niliukariri utotoni bila kujua. Mteremko, digrii 24. Kutokeza, sentimita 105. Ukingo wa paa uko mita mbili na sentimita tatu kutoka chini. Nilipima mara tatu kila kimoja. Shangazi aliniuliza kama nyumba ina kasoro.

Ningetosheka na hapo, lakini kuna jambo moja zaidi lililonisumbua. Grasshopper ina chombo kiitwacho Galapagos, ambacho husogeza vitelezi chenyewe na kutafuta jibu bora kwa kuiga jinsi viumbe wanavyochaguliwa na kurithishana. Niliirudishia vitelezi vya kawaida, nikaipa masharti yale yale matatu, nikaiambia ipunguze mabati iwezekanavyo. Ilikwenda moja kwa moja kwenye ncha ya pembetatu: digrii 20, sentimita 110. Kwa hesabu ni sahihi, na mabati yanapungua kweli. Lakini pale nchani hakuna nafasi hata ya unywele. Mwashi akikosea sentimita mbili, mbao zikilegea mwaka wa tano, jua limeingia. Nukta ya mjomba iko katikati ya pembetatu, karibu sawa na kitovu chake. Vile vidole vichache alivyorudi mbele mwishoni, baada ya kutazama upepo, sasa najua vilikuwa nini. Alikuwa akitoka ukingoni.

Mafundi wa namna yake wamekuwako mahali pengine pia. Antoni Gaudí wa Barcelona, kuanzia 1898 hadi 1908, alitafuta umbo la kanisa la Colònia Güell kwa nyuzi zilizoning'inia darini, zimefungwa vifuko vidogo vya risasi kama uzito. Ukivuta uzi mmoja, nyingine zote zilijipanga upya. Alizipiga picha, akaigeuza picha juu chini, na hilo likawa kanisa. Ujenzi ulisimama mwaka 1914, kikamalizika chumba cha chini tu. Walimu wa uchoraji wa kutumia vigezo hupenda kumtaja kama babu wa kazi yao, na nakubaliana nao. Ila kila ninapoiona picha ya zile nyuzi namtafuta mtoto aliyeshika ncha nyingine.

Kile kitelezi cha mraba nacho kina upungufu wake, na sitaki nikisifu kupita kiasi. Ni vigumu kurudi mahali pale pale ulipokuwa jana. Ukitaka 24 kamili, ni afadhali kuandika nambari kuliko kuburuta. Mambo yakiwa matatu, mraba unahitaji kuwa mchemraba, na mchemraba kwenye skrini bapa hauna pa kushika vizuri; upepo wangu niliutia kwa rangi kwa sababu sikuwa na upande wa kuuweka. Mjomba yeye jua alikuwa nalo machoni, kichwa chake mwenyewe chini ya mkono, upepo shavuni, shemeji akimjibu kutoka ndani, na mpwa wake akimpa ukinzani wa uzi. Nikizihesabu pande hizo nafika tano.

Voi ya leo huijui kama uliondoka zamani. Tangu Mei 31, 2017, treni ya Madaraka Express inapita kwenye stesheni mpya kubwa, na viwanja vilivyokuwa vichaka vya mijiba vimejengwa. Mapaa ni mabati ya rangi, mekundu na ya buluu, na mtindo wa sasa ni paa la kuficha: ukuta unapanda juu kuliko paa, na paa halitokezi hata sentimita moja. Ukipita alasiri mitaani utaona madirisha ya magharibi yamezibwa, hapa kwa pazia zito, hapa kwa kanga mbili zilizoshonwa pamoja, hapa kwa kadibodi ya friji. Baadhi ya michoro hiyo ni ya vijana waliojifunza kwangu. Niliwafundisha kupanga vitelezi kimoja chini ya kingine, kila kimoja na jina lake.

Sasa nawafundisha kwa uzi kwanza. Wawili wawili, mmoja ngazini mmoja nje, mlingoti katikati, alasiri. Kompyuta tunaifungua siku ya pili. Wengine wananiona nawapotezea muda, na simlaumu mtu, kwa kuwa hata mimi ningesema hivyo. Lakini yuko binti mmoja, kwao ni Bura, aliyekaa kimya uwanjani siku ile, na kesho yake akafungua mraba akaburuta nukta mshazari bila kuelekezwa. Nilitoka nje kidogo.

Nyumba ya dada tuliirekebisha mwaka jana. Mteremko hauwezi kubadilika tena. Makombamoyo yamekwisha kukaa, na kuyang'oa ni kujenga upya. Kwa digrii 12 kivuli hakifiki kwenye kizingiti mpaka paa litokeze sentimita 124, na kwa urefu huo upepo unadai nguzo. Kwa hiyo tumeweka nguzo tatu upande wa barabara. Dada hakusema lolote, ila kiti chake amekihamisha, maana mojawapo inamzibia njia anayotazama watu wakipita kwenda sokoni.

Siku ya kupima nilikuwa nimenunua katani Mwatate. Mtoto wa mwisho wa dada, mwenye miaka 12, alipanda ngazi akashika ncha ya ndani, nami nikatoka nje na kipande cha bati. Dada akaketi kitandani. Nilivuta, nikasubiri mkono wa mtoto upande. Haukupanda, paa lilikuwa pale limempangia mahali pa kushika, na uzi ulikuwa na njia moja tu ya kwenda.

"Nifanye nini, mjomba?" aliuliza.

Nilimwambia afunge ncha yake kwenye msumari. Aliifunga, akashuka, akaenda zake uwanjani kucheza mpira, nami nikabaki nikivuta, dada akiniambia kutoka ndani kwamba bado kidogo.